Muulize Bibi Shamba: Msimu wa fildi umefika na barua zimejaa

Toleo hili nimeliachia vijana wa fildi lote, yaani wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Kila ikikaribia Julai vyuo vingi vya kilimo vinafunga, SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, MATI (vyuo vya kilimo vya serikali) za Uyole, Ilonga, Ukiriguru na kwingineko, wanafunzi wanatawanywa kwenye halmashauri na kata, halafu simu yangu hailali. Nimefanya ugani, kazi ya kuwashauri wakulima, mpaka nikastaafu, hao vijana nimewapokea wengi tu, wengine leo wakubwa wa idara wengine wanauza simu Kariakoo, wote wangu. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa, hasa zile za malalamiko.

Shikamoo Bibi Shamba. Niko mwaka wa pili, nimepangiwa kata moja mkoa wa Dodoma wiki nane. Nilikuja na moto kweli kweli lakini nimekuta mashambani mabua tu, watu walishavuna. Afisa kilimo wa kata hana muda na mimi, kutwa vikao, kaniacha ofisini naandika majina ya wakulima wa mbolea ya ruzuku na kuchemsha chai. Juzi tukapelekwa kumwagilia vipando vya Nane Nane, basi. Kwenye logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, niandike nini sasa? Naona napoteza muda tu.

Marahaba mwanangu. Muda huo unaosema unaupoteza ndo kitu pekee ulichonacho wewe ambacho bosi wako hana. Mwangalie vizuri. Ana vijiji kadhaa, kaya hazihesabiki, pikipiki anayo maana 2022 serikali iligawa kwa maafisa ugani nchi nzima, ila mafuta ya kuiendesha mara nyingi ni mfuko wake, na kila kitu kinachoshuka kutoka wilayani kinaangukia mezani kwake, usajili, takwimu, wageni, na Mwenge ukikaribia kupita hapo ndo usimtafute kabisa. Akifika kwa mkulima anakaa nusu saa, tena jicho liko kwenye simu. Wewe unaweza kwenda kwa mzee mmoja saa moja asubuhi ukatoka jioni na hakuna mtu atakuuliza ulikuwa wapi. Kwenye ugani mzima hakuna mwingine mwenye hiyo nafasi.

Halafu nani alikwambia wakivuna kilimo kimeisha? Kiangazi ni msimu wa ghala, na hapo Dodoma ghala si jambo la mchezo. Mwaka 2016 huko Chemba na Kondoa na kwa majirani zenu Kiteto watu waliugua, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa, 20 wakafariki, na kilichokuja kuonekana ni sumukuvu kwenye mahindi waliyokuwa wanakula. Hiyo sumu huioni kwa macho, hainuki, na kuipika mpaka ugali ukauke sufuriani haiondoki. Kuvu inaanzia shambani mahindi yakipigwa na ukame, inanogewa yakianikwa chini kwenye udongo, inamalizia kazi yakiingizwa kwenye gunia hayajakauka vizuri. Karanga nazo hivyo hivyo, na hapo karanga mnalima sana.

Kwahiyo zungukia kaya, si kwa dodoso, kwa kukaa. Angalia wanaanika juu ya turubai au chini, wanapukuchua kwa mkono au wanapiga kwa fimbo mpaka punje zinapasuka (punje iliyopasuka ndo mlango wa kuvu na wadudu), wanaweka kwenye kihenge, viroba au ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Unyevu upime, na usiniambie hamna mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa kama dakika moja halafu iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, hayo yarudi juani. Isipoganda uko pazuri, ingawa mahindi ya kukaa muda mrefu yanataka yashuke mpaka 13 hivi. Fanya hilo mbele ya mama mwenye mahindi, na chumvi ni yake mwenyewe, utaona atakavyowaita majirani.

Na dumuzi je? Yule mdudu aliingia kwetu kutoka Amerika ya Kati, akagundulika kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo anageuza gunia zima kuwa unga. Waulize wanatumia dawa gani, walinunua wapi, waliweka kiasi gani kwa gunia, halafu omba wakuletee pakiti uisome tarehe. Utakuta mambo. Ile mifuko ya tabaka tatu nayo kaiangalie, watu wanainunua kwa bei halafu wanaifungua kila Jumapili kuchota, hewa inaingia, mdudu anafufuka, wanasema mifuko feki.

Majina ya ruzuku yasikuchoshe pia. Ukiandika kwamba fulani ana eka tatu, wewe unajua kama ni tatu? Huku kwetu eka ni hatua 70 kwa 70, sasa hatua za nani, mtu mrefu na mfupi hawapati eka moja. Kachague mashamba machache kati ya hayo uliyoandika, nenda na futi kamba au programu ya kupimia kwenye simu, yapime. Ukikuta shamba la eka tatu ni mbili na kitu basi mbolea aliyoombewa siyo, mavuno kwa eka aliyokutajia siyo, na ripoti yote iliyopanda mpaka wilayani siyo. Hiyo peke yake ni kurasa kadhaa za logibuku na hakuna mwenzako atakuwa nayo.

Vipando vya Nane Nane mwagilia bila kinyongo, pale kuna mbegu za kila kampuni zimesimama pamoja na vibao vyake, bure. Ila ukiwa na ndoo mkononi jiulize mahindi yale yangekuwaje bila wewe, maana mkulima wa Dodoma atakuja tarehe 8 Agosti ataangalia atasifia atarudi kwake ambako hakuna mtu wa kumwagilia.

La mwisho, kama kuna kisima karibu na ofisi, panda mchicha. Sikutanii. Vijana wengi wanataka kuanzisha shamba darasa la mahindi kwenye wiki nane, haliwezekani, shamba darasa linataka wakulima 25 hivi wakutane kila wiki msimu mzima. Mchicha unavuna ndani ya mwezi. Tuta moja lenye samadi, moja bila, moja na urea kidogo, kila wiki mnapima mnaandika, wiki ya tano akina mama wanakula mboga na wewe una jaribio lililokamilika toka mbegu mpaka sufuria. Chai endelea kuchemsha, mazungumzo yote ya ofisi yanafanyika hapo.

Habari za kazi mama. Mimi ni mkulima, Kilosa huku. Nina swali la hao vijana wenu. Kila mwaka wanakuja na makaratasi, una ng'ombe wangapi, una watoto wangapi, ulipata gunia ngapi, unatumia mbolea au hutumii. Tunajibu. Wanatushukuru, wanapiga picha, wanaondoka na hatuwaoni tena. Mwaka jana walikuja wawili tofauti maswali yale yale. Mimi faida yangu ni nini? Safari hii nataka nikatae.

Nzuri ndugu yangu. Kataa, una haki hiyo, na kijana yeyote aliyefundishwa vizuri alitakiwa akwambie hivyo kabla hajafungua daftari. Ila kabla hujakataa nikupe njia nyingine.

Kinachotokea ni hiki. Kijana anaandika ripoti kwa Kiingereza, inasomwa na mwalimu mmoja, inapewa maksi, inawekwa kwenye rafu. Hiyo gunia uliyomtajia yenyewe hakuuliza ni gunia la debe sita au ni lumbesa iliyojazwa kupita kipimo, kwahiyo hata huyo mwalimu amesoma namba isiyo na maana. Umepoteza asubuhi yako na chuo hakijapata kitu. Mimi hili limeniudhi toka niko kazini na bado linaniudhi.

Sasa wewe akija muulize, majibu utayaleta lini na utayasomea wapi? Asipokuwa na jibu, aende kwa mtendaji wa kijiji akapange siku kwenye mkutano wa kijiji kabla hajaondoka, dakika kumi tu, kwa Kiswahili, aseme alikuta nini. Karatasi moja ibaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Akikubali hilo mjibu yote. Watendaji nao walishike hili, kijana asigongewe muhuri wa kuondoka mpaka amesoma.

Halafu mpe kazi. Una kijana mwenye nguvu, kasoma udongo, hana haraka, unamwacha anakuuliza idadi ya watoto wa nini? Mwambie akupimie shamba. Mwambie akuchukulie sampuli ya udongo, na umsimamie: apite shambani kwa zigizaga, achimbe sehemu kumi au kumi na tano kina cha sentimita 20, asichukue kwenye kichuguu wala njiani wala pale mlipokuwa mnalundika samadi, achanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kuwa na mbolea, atoe kama nusu kilo, aanike kivulini, aandike jina la shamba na tarehe. Halmashauri nyingi sasa zina vile vifaa vya kupimia afya ya udongo, mwulize afisa kilimo, na wakishindwa kuna TARI Mlingano kule Tanga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ambako udongo ndo kazi yao. Ukipata majibu yake utajua kama hiyo mbolea unayonunua kila mwaka unailisha ardhi inayoihitaji au la.

Bibi shikamoo. Niko milimani, Uluguru upande wa Matombo. Tulifundishwa hifadhi ya udongo nikaona hapa panahitaji matuta ya ngazi, mteremko ni mkali sana. Nimemwambia mzee mmoja akanicheka, akasema "hayo matuta tuliyakataa kabla baba yako hajazaliwa." Vijana wengine wakaanza kunikwepa. Nilikosea wapi?

Marahaba. Kumbe chuo hakikukwambia unaenda wapi! Hapo hapo Matombo, mwaka 1955, wakulima waliandamana kupinga matuta. Serikali ya mkoloni ilikuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba ngazi mlimani kwa siku maalum, asiyechimba anapigwa faini, na mabwana shamba ndo walikuwa wasimamizi. Watu wakachoka, ghasia zikatokea, polisi wakaletwa, mpango ukafa. Kwahiyo wewe umefika na buti na daftari na neno matuta, mzee kakuona unafanana na nani?

Na usidhani walikataa kwa ubishi. Kuchimba zile ngazi kwenye udongo mwembamba wa mlimani kunapandisha juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yanashuka badala ya kupanda, na kazi yenyewe ni ya kuua mtu. Wakulima walilisema hilo wazi na hawakusikilizwa.

Rudi kwa yule mzee, peleka sukari au kitu chochote kidogo, mwambie umekuja akusimulie. Usiseme kitu kuhusu udongo siku hiyo. Kesho yake mwombe akutembeze kwenye shamba lake, maana yeye analima mteremko huo huo maisha yake yote na shamba bado lipo, kuna kitu anafanya: anaacha magugu mistari, anapanda migomba au miti pembezoni, analaza mabua kukinga maji. Chora hayo. Kama utaona mahali ambapo maji yanamshinda, hapo muulize yeye angependa kufanya nini. Itachukua siku nyingi, na wewe siku unazo.

Dada mpendwa, naomba usitaje wilaya. Mkubwa wa kituo nilichopangiwa anasema logibuku hatasaini mpaka nikamtembelee kwake jioni. Meseji anatuma usiku. Nimebakiza wiki mbili, naogopa kufeli.

Mdogo wangu, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Huna kosa lolote. Usifute meseji hata moja, zipige picha umtumie mtu unayemwamini. Leo hii, si wiki ijayo, mpigie mratibu wa fildi chuoni umwambie yote na uombe kuhamishwa kituo. TAKUKURU namba yao ni 113, ya bure. Usikubali kwenda "kuyazungumza" mahali popote nje ya ofisi, wala usiende na mwenzako kumtega kwa akili zenu, hiyo kazi waachie wanaoijua. Kuhusu saini, huyo siyo mtu pekee mwenye kalamu, wilayani kuna mkuu wa idara na chuo kina utaratibu wake, hakuna mwanafunzi anayepaswa kufeli kwa hili. Na barua yako nimeijibu pembeni pia, angalia simu.

Mama shikamoo. Niko Iringa bondeni kwenye nyanya na vitunguu, huku kiangazi ndo msimu wenyewe. Wakulima wananiita daktari, kila mtu anataka dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Kuna mmoja anachanganya sumu tatu kwenye bomba moja na bado nyanya zinaisha. Nikisema sijui naonekana kilaza. Niwaandikie dawa gani?

Marahaba daktari. Usiandike dawa. Wewe ni mwanafunzi, ukiandika na shamba likaungua hutakuwepo, atakayekuwepo ni afisa wako na mkulima mwenye deni.

Ila unaweza kufanya kitu kikubwa kuliko dawa. Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014 hivi, asili yake Amerika Kusini, na ubaya wake ni kwamba funza wake anaishi ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inapita juu yeye kajifungia. Tena anazaliana haraka, kizazi kipya kama kila mwezi, kwahiyo ukipiga sumu ya aina ile ile mfululizo unabakiwa na wale sugu tu. Sasa huyo ndugu wa sumu tatu, kaa naye, mwombe makopo yote matatu, angalia yale maandishi madogo yanayotaja sumu yenyewe iliyomo ndani, siyo jina la mbele. Mara nyingi utakuta mawili ni kitu kile kile majina tofauti, kanunua mara mbili. Angalia mstari wa rangi chini ya kopo, nyekundu ni hatari zaidi, na angalia kama dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Angalia siku zinazotakiwa kupita kati ya kupiga na kuvuna. Hiyo ya mwisho watu hawapendi kuulizwa, na hizo nyanya tunakula sisi.

Siku anapiga nenda naye, usikae pembeni kivulini. Utaona bomba linavuja mgongoni, hana glavu, anapiga saa saba mchana jua la kuchoma, anavuta sigara katikati. Yaandike. Mambo yasiyohitaji kopo ndo mwambie kwa kujiamini: majani na matunda yenye funza yatolewe yafungwe kwenye mfuko wa plastiki yakae juani, masalia ya nyanya yasiachwe shambani msimu ukiisha, msimu unaofuata pale pale pawekwe vitunguu au mahindi na si bilinganya wala viazi mviringo wala mnavu maana wote ni ukoo mmoja na mdudu anawajua, na kuna mitego yenye harufu ya jike inayovuta madume. Yaliyobaki piga picha, andika swali vizuri, peleka kwa afisa wako au TARI Tengeru, halafu rudi na jibu. Kule Iringa mtu anayerudi na jibu anaheshimika kuliko anayejua kila kitu papo hapo, nimeshuhudia.

Habari Bibi Shamba, mimi ni mzazi, Dar es Salaam. Kijana wangu kapangiwa kijiji ambacho hata mtandao hakuna. Nimejaribu kumtafutia nafasi hapa mjini, kuna ofisi wako tayari kumpokea na ina kiyoyozi. Kuna ubaya?

Mzazi mwenzangu, kijana anasoma kilimo! Dar nako kilimo kipo, mchicha wa mabondeni na ng'ombe wa uani, na kama angekwenda huko nisingebisha. Ila ofisi yenye kiyoyozi atamaliza wiki nane akijua mashine ya fotokopi. Mwache aende, mnunulie neti ya mbu na buti za mvua, na usimpigie kila siku.

Bibi, bumu la fildi limechelewa, nina hela ya wiki mbili tu. Naishije?

Usipange gesti. Nenda shule ya msingi ya hapo kijijini ukaulize walimu, mara nyingi kuna chumba kimoja nyumba ya mwalimu, kodi ndogo, na walimu ndo majirani wenye kuelewa hali ya kusubiri hela za serikali. Unga na maharage nunua kwa mkulima kwa debe, usinunue dukani kwa kilo. Tochi, kanga au shuka la ziada na pawabenki ni vya lazima, kompyuta iache chuoni. Na kitu kimoja nakukataza kabisa, usikope kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka atakukopesha kwa furaha zote, halafu wiki ijayo utajikuta unawaambia wakulima wakanunue kwake na hujui umeanzaje.

Habari yako mama. Nakuandikia kutoka Kenya, niko chuo na natafuta atachimenti huku Makueni. Nina nafasi mbili, ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo ama duka kubwa la agroveti ambao watanilipa kitu kidogo. Wengine wananiambia kaunti hakuna kazi wakati wa kiangazi, ni kukaa tu. Wewe ungechagua gani?

Nzuri mwanangu, karibu, nafurahi tunasomwa mpaka huko. Ningechagua kaunti, hela ndogo ya agroveti itakufundisha bei za dawa na hiyo unaweza kujifunza Jumamosi moja. Tangu 2013 ugani kwenu uko chini ya kaunti, na kama huku kwetu maafisa ni wachache na wakulima ni wengi, kwahiyo mtu mwenye siku nzima mkononi anahitajika sana.

Eti kiangazi hakuna kazi Makueni! Ukambani kiangazi ndo wakati wa kuchimba. Nyinyi ndo wenye yale matuta ya fanya juu ambayo dunia nzima inayaita hivyo hivyo kwa Kiswahili, unachimba mtaro unatupa udongo upande wa juu, polepole shamba linajisawazisha lenyewe. Machakos nako wazee walilazimishwa wakati wa mkoloni na walichukia kama wale wa Uluguru niliowataja hapo juu, lakini baadaye wakachagua wenyewe aina hii ya fanya juu kwa sababu waliona inawafaa, wakachimba kwa vikundi vyao vya mwethya, vya kusaidiana kazi, bila kusukumwa. Mwombe afisa wako akujulishe kwenye kikundi kinachochimba mwaka huu. Beba jembe lako mwenyewe, chimba nao wiki kadhaa, pima urefu wa mitaro na muda inaochukua, waulize kwa nini wanaacha nafasi hii na si ile. Mvua za Oktoba zikianza utakuwa umerudi chuo, kwahiyo acha namba yako kwa mwenyekiti wa kikundi akutumie picha maji yakijaa mtaroni.

Halafu lile jibu la kijana wa Dodoma kuhusu ghala lisome mara mbili, maana mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 upande wenu wa mashariki, Makueni na Kitui zikaumia zaidi, na mahindi mnayovuna sasa hivi yanaanikwa wakati wewe unachagua ofisi. Chupa na chumvi hata Makueni zipo.